Saa za Mwalimu na Mshahara Wake: Je, Ni Haki?

Kila mwaka, tarehe 30 ya mwezi wa nne, nchi yetu ya Kongo hufanya sikukuu ya masomo na ya walimu. Siku ile walimu hupita mistari kwa mistari, wengine wamevaa kitambaa cha namna moja, na wakubwa husimama kusema maneno mazuri: mwalimu ni mzazi wa pili, mwalimu ni taa ya nchi, bila mwalimu hakuna mganga, wala mwamuzi, wala padri. Maneno haya ni ya kweli. Sisi wenyewe tumeyasema mara nyingi mbele ya watu. Lakini kesho yake mwalimu huamka asubuhi, mke wake hufunua chungu, na wote wawili huona ya kuwa sifa hazipikiki.

Ndugu wasomaji, leo twataka kuuliza swali moja, na kulijibu kwa utaratibu. Je, mwalimu hulipwa kwa haki kwa ajili ya saa anazozifanya? Angalieni vema: hatuulizi kama mwalimu ni mtu wa kuhurumiwa. Huruma ni jambo jema, lakini haki huitangulia. Twauliza kama kuna deni. Na deni likiwapo, ni nani mwenye kulilipa? Tena, na hili ni jambo gumu kuliko yote, mwalimu asiyelipwa sawasawa ana ruhusa ya kufanya nini, na amekatazwa nini?

1. Jambo lililotufanya tuandike

Swali hili hatukulikuta kitabuni. Lilitujia njiani.

Upande huu wa ziwa Tanganyika, katika kijiji kimoja kilicho mwendo wa saa mbili toka misioni, kuna mwalimu wa mwaka wa sita. Ni Mkristu, ameoa kwa sakramenti, ana watoto sita. Miaka mingi alifundisha bila kuandikwa katika orodha ya Serikali; alikuwa mmoja wa wale tunaowaita "wasiolipwa". Baadaye jina lake likaingia, naye akaanza kupata mshahara. Watu wakafurahi, wakasema: "Sasa matata yake yamekwisha."

Lakini mwaka ule ule wazazi walimshitaki mbele ya komite ya masomo. Walisema: "Mwalimu huyu, kila siku ya pili na ya tano ya juma, saa nne za asubuhi anatoka darasani. Anakwenda sokoni kuuza mafuta ya mawese. Anaacha mtoto mkubwa asimamie wenzake. Serikali inamlipa saa zote, yeye anafanya nusu. Huo ni wizi." Komite ikatutuma sisi tuseme naye, kwa sababu sisi ndio tuliomfundisha katekisimu ya ndoa, naye hutuheshimu.

Tulikwenda tukiwa na maneno yetu tayari. Tulimwambia kwamba kazi ya mwalimu ni wito, si biashara. Kwamba Yezu alikuwa Mwalimu naye hakuwa na mahali pa kulaza kichwa. Alitusikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akaingia nyumbani akaleta kaye moja, akaifungua mezani. Ndani yake aliandika saa zake za juma moja, kwa kalamu ya rangi mbili. Akasema: "Katekista, saa nilizotoka mumezihesabu vizuri, wala sizikatai. Lakini ni nani aliyekuja hapa usiku kuhesabu zile nilizoongeza?"

Hatukuwa na jibu. Tulirudi kwetu, tukafungua vitabu vyetu vya zamani vya seminari. Tuliyoyakuta ndiyo haya.

2. Saa zinazoonekana na saa zisizoonekana

Tutazame kwanza hesabu ya ile kaye, kwa maana haki haianzi na maneno bali na hesabu iliyo sawa.

Masomo yake huanza saa moja na nusu asubuhi na kwisha saa sita na nusu. Ni saa 5. Kwa siku 6 za juma, ni saa 30. Hizo ndizo saa ambazo kila mtu huziona, kwa sababu kengele hulia na watoto huingia.

Lakini hakuna mwalimu wa kweli anayeingia darasani mikono mitupu. Kila jioni lazima aandike matayarisho: somo la hesabu, la Kifaransa, la usafi, la dini. Kwake ni saa moja na nusu kila siku, maana yake saa 9 kwa juma. Tena ana watoto 62. Akiwapa mazoezi mawili kwa siku, ni makaratasi 124. Akitumia dakika moja tu kwa kila karatasi, ni saa mbili na zaidi mbele ya taa. Kwa siku 6 ni saa 12. Tena kuna wazazi wa kuonana nao, kuna ripoti ya direkta, kuna mkutano: saa 2. Tukijumlisha, ni saa 53. Sisi wa komite tulihesabu 30, tukasahau 23.

Sheria ya kazi ya nchi yetu ya mwaka 2002 yasema kwamba mfanyakazi wa kampuni asizidishe saa 45 kwa juma. Zikizidi, zina malipo yake. Ni kweli, walimu wa Serikali wana sheria yao nyingine. Lakini akili ya mtu ni moja, na mgongo wa mtu ni mmoja. Tena, tarehe 5 ya mwezi wa kumi mwaka 1966, wajumbe wa mataifa walikutana Paris wakaandika mashauri juu ya hali ya walimu. Humo walisema wazi kwamba anayepanga saa za mwalimu lazima ahesabu pia muda wa kutayarisha masomo na wa kusahihisha kazi za watoto. Basi si mwalimu wetu peke yake aliyeona jambo hili.

Mtu atasema: "Wako walimu ambao hawatayarishi kitu, wala hawasahihishi." Ni kweli, wako. Mwalimu asomaye matayarisho ya miaka mitano iliyopita, ambaye kaye za watoto hazijaona kalamu yake nyekundu tangu Pasaka, asije kudai saa 53. Hata 30 hajazitimiza, kwa maana kukaa darasani si kufundisha. Haki ina mizani yenye sahani mbili. Lakini ulegevu wa mmoja hauondoi haki ya mwingine. Mkulima mvivu hafanyi shamba la jirani yake kuwa pori.

3. Je, wito huondoa mshahara?

Tulimwambia mwalimu kwamba kazi yake ni wito. Maneno yetu yalikuwa ya kweli, lakini tuliyatumia vibaya. Tuliyatumia kama kizibo cha chupa.

Mtakatifu Toma wa Akwino aliuliza swali hili miaka zaidi ya 700 iliyopita. Alijua kwamba vitu vya roho haviuzwi. Anayeviuza anatenda zambi ya Simoni Mchawi. Na elimu, je? Ukweli ni zawadi ya Mungu. Nani awezaye kuupima kwa kilo? Toma ajibu kwa kupambanua. Mwalimu anayepokea malipo hauzi ukweli wala hauzi elimu: anakodisha kazi yake, yaani jasho lake na muda wake. Tazama jinsi neno hili lilivyo la busara! Tukisema kwamba elimu haina bei, tumesema vizuri. Lakini jioni ya mwalimu ina bei. Mafuta ya taa yake yana bei. Macho yake yanayochoka yana bei. Kwa kuwa elimu haina bei, sisi tumefanya kana kwamba mwalimu naye hana tumbo.

Bwana wetu mwenyewe, alipowatuma wanafunzi wake wawili wawili, aliwaambia kwamba mfanya kazi astahili ujira wake. Hakusema hivyo kwa wachukuzi wa mizigo; alisema kwa wahubiri wa Injili, watu wenye wito kuliko wote. Na Mtakatifu Paulo, ambaye alishona mahema kwa mikono yake ili asimlemee mtu, aliandika kwamba aliacha haki yake kwa hiari yake. Basi sikia: mwenye haki aweza kuiacha mwenyewe kwa mapendo, mwingine hawezi kumwachisha kwa nguvu, halafu aite jambo lile mapendo. Sadaka hutolewa na mwenye mbuzi. Mtu akimchukua mbuzi wa jirani akamtoa sadaka, hiyo si sadaka.

Hapa lazima tukiri jambo. Sisi makatekista wengi hatuna mshahara. Twaishi kwa jembe na kwa fazili ya Wakristu. Labda kwa sababu hiyo tulikuwa wepesi kumwambia mwalimu avumilie. Tulifikiri: "Sisi twavumilia, kwa nini yeye asivumilie?" Lakini madeni mawili hayafutani. Ukiona watu wawili wana njaa, usiseme kwamba mmoja anamshibisha mwingine.

4. "Alikubali mwenyewe"

Wengine husema: "Hakuna aliyemlazimisha. Alijua mshahara ni kiasi gani, akakubali, akatia sahihi. Mapatano ni mapatano."

Neno hili lilijibiwa mwaka 1891 na Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake Rerum Novarum. Wakati ule wenye viwanda wa Ulaya walisema hivyo hivyo juu ya wafanyakazi wao. Papa akafundisha kwamba juu ya mapatano ya watu kuna haki ya asili, iliyo kubwa na ya zamani kuliko mapatano yenyewe: mshahara usipungue kiasi cha kumtunza mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Na mtu akikubali kidogo kuliko hicho, kwa sababu ya shida au kwa kuogopa ubaya zaidi, hakukubali kwa uhuru. Amelazimishwa, naye ametendewa yasiyo haki. Mwaka 1931 Papa Pio wa 11 aliongeza kwamba mshahara lazima uangalie na jamaa ya mfanyakazi, yaani mke na watoto. Na mwaka 1981 Papa Yoane Paulo wa 2 alisema kwamba ukitaka kujua kama mpango wa nchi ni wa haki, tazama mshahara: hapo ndipo pa kupimia.

Basi tupime. Tulimwuliza mwalimu: "Mshahara wako wafika siku ya ngapi ya mwezi?" Hatukumwuliza ni franka ngapi, kwa maana franka hupanda na kushuka. Akajibu: "Nikilipa deni la unga la mwezi uliopita, nafika siku ya kumi na moja." Watu wanane, siku kumi na moja. Siku kumi na tisa zilizobaki ndizo alizokuwa akizitafuta sokoni na chupa zake za mafuta.

5. Shamba la mizabibu

Msomaji mmoja ajuaye Injili atatuuliza: "Na yule bwana wa shamba la mizabibu? Waliofanya kazi saa moja walipata sawa na waliofanya mchana kutwa. Yezu hakuhesabu saa. Kwa nini ninyi mwazihesabu?"

Twashukuru kwa swali hili. Fumbo lile lasema kwanza juu ya ukarimu wa Mungu, wala si sheria ya kupanga mishahara. Lakini hata tukilitazama kwa macho ya mfanyakazi, tutaona nini? Dinari moja ilikuwa ujira wa siku moja: chakula cha mtu na cha nyumba yake. Bwana aliwapatana wa kwanza dinari, akawapa dinari, na jioni ile ile, kama ilivyoagiza Torati ya Musa kwamba ujira wa kibarua usilale mpaka asubuhi. Kisha akawaangalia wa mwisho. Nao pia walikuwa na watoto nyumbani. Hakuwakata. Aliwapa kadiri ya hitaji lao, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwake na chini ya chakula cha siku.

Basi, anayetaka kufuata fumbo lile na alifuate lote. Bwana yule aliacha hesabu ya saa ili aongeze. Sisi twaiacha ili tupunguze. Hatufanani naye. Twafanana zaidi na Labani, aliyebadili mshahara wa Yakobo mara kumi, akijua kwamba kijana hana mahali pengine pa kwenda.

6. Ni nani mwenye deni?

Hapa watu huanza kurushiana mpira. Mzazi asema: Serikali. Serikali yasema: feza hazitoshi. Eklezya husema: masomo ni ya Serikali, sisi twasimamia tu. Ili tujue deni ni la nani, tukumbuke habari kwa ufupi.

Zamani za Wabeleji masomo mengi yalikuwa ya misioni, na Serikali ilitoa msaada. Mwaka 1974 Serikali iliyatwaa yote. Mwaka 1977, tarehe 26 ya mwezi wa pili, iliyarudisha chini ya usimamizi wa makanisa kwa mapatano: makanisa yasimamie, Serikali ilipe walimu. Lakini miaka ya 1990 ilipoanza, nchi ikiwa katika machafuko, mishahara ikawa kama kivuli. Walimu wakagoma, masomo yakafungwa. Ndipo wazazi wakakubali kutoa feza zao ili walimu warudi. Ndizo tulizoziita primu. Ilikuwa dawa ya siku chache. Ikadumu zaidi ya miaka 25. Mtoto wa maskini akawa anafukuzwa kwa sababu baba yake hana feza ya kumlipa mwalimu. Hivyo maskini mmoja aliwekwa amlipe maskini mwenzake, na mtoto akasimama katikati yao.

Katiba ya mwaka 2006, katika sheria ya 43, ilisema kwamba masomo ya msingi ya Serikali ni ya lazima na ni ya bure. Mwaka 2019, mwezi wa tisa, neno hilo likaanza kutendeka. Watoto wengi sana waliokuwa wakikaa nyumbani waliingia darasani, nasi tulimshukuru Mungu. Lakini siku ile ile mwalimu aliyekuwa akiishi kwa primu aliikosa, na yule asiyeandikwa katika orodha ya Serikali alikosa yote. Watoto waliongezeka darasani, saa za kusahihisha ziliongezeka, na mfuko ukapungua. Mwezi wa kumi mwaka 2021, walimu walipogoma tena, watoto wa masomo ya Kikatoliki ya Kinshasa walikwenda wenyewe mpaka nyumba ya Bunge kudai walimu wao. Watoto wale waliona vema deni liko mlango gani.

Je, masomo ya bure ni mabaya? Hapana. Eklezya iliyataka tangu zamani. Konsilio ya tatu ya Laterano, mwaka 1179, iliamuru kwamba wanafunzi maskini wafundishwe bila malipo. Lakini angalieni jinsi ilivyoamuru! Ilisema kwanza kwamba katika kila kanisa la askofu mwalimu atengewe pato lake la kumtosha, ndipo mlango wa elimu ufunguliwe kwa maskini. Mababa wale walijua kwamba kitu cha bure kwa mmoja ni mzigo wa mwingine, na kwamba lazima ijulikane ni nani anayeubeba. Wakiusahau, utaanguka mgongoni mwa mwalimu.

Basi jibu letu ni hili. Mdaiwa wa kwanza ni Serikali, kwa maana imeahidi, na wazee wetu husema: ahadi ni deni. Mdaiwa wa pili ni sisi tunaosimamia masomo, Eklezya na komite: tusipopeleka majina ya walimu kwa uaminifu, tukiingiza jina la ndugu yetu asiyefundisha, tukikata kitu kidogo kwa kila mshahara kwa ajili ya "safari za wakubwa", sisi ni washiriki wa wizi. Wala Mtume Yakobo hakutofautisha: ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana wa majeshi. Mdaiwa wa tatu ni kijiji kizima, si kwa sheria ya nchi, bali kwa sheria ya shukrani.

7. Mtoto si mdaiwa

Tumefika penye shida. Mwalimu ana haki ambayo hakulipwa. Je, aweza kujilipa mwenyewe?

Wako wanaojilipa. Mmoja hupunguza saa kimya kimya. Mwingine huuza maksi: kuku kwa kupita mwaka, chumvi kwa kupata nafasi ya mbele. Mwingine huwapeleka watoto kulima shamba lake wakati wa somo la hesabu. Na mwingine, Mungu amsamehe, hudai kwa msichana kitu kisichoweza kutajwa hapa. Wote husema neno moja: "Tunapunjwa, twajirudishia."

Wakubwa wa Eklezya walilipima neno hilo zamani. Mwaka 1679 Papa Inosenti wa 11 alilaani fundisho la watu waliosema kwamba watumishi wa nyumbani wana ruhusa ya kuchukua kwa siri vitu vya bwana wao, wakiona wenyewe kwamba mshahara ni mdogo kuliko kazi. Kwa nini aliwakataza, na labda kweli walipunjwa? Kwa sababu hakuna mtu awezaye kuwa mwamuzi wa shauri lake mwenyewe, gizani. Leo atachukua kilicho chake, kesho kilicho cha mwingine, na zamiri yake haitamwambia tena mpaka uko wapi.

Na kwa mwalimu kuna sababu kubwa zaidi. Yule mtumishi alichukua kwa bwana aliyempunja. Lakini mwalimu anapokata saa, anamkata nani? Si waziri. Waziri hajui hata jina la kijiji. Anamkata mtoto wa miaka kumi na mbili, ambaye hakutia sahihi mapatano yoyote, hakula mshahara wa mtu yeyote, na ambaye mwaka wa sita hautarudi kwake mara ya pili. Mtoto si mdaiwa. Kumdai deni lisilo lake ni kutenda tendo lile lile ambalo mwalimu analilalamikia.

Basi mwalimu afunge kinywa? Hapana! Kunyamaza si fazila. Yaliyo haramu kwa siri yaweza kuwa halali peupe. Konsilio ya pili ya Vatikano, mwaka 1965, ilisema kwamba mgomo, ingawa ni njia ya mwisho, waweza kuwa lazima ili wafanyakazi walinde haki zao, wakati mazungumzo yakiendelea kutafutwa. Mwalimu anayesimama pamoja na wenzake, mchana, akasema wazi, "Hatutafundisha mpaka tumesikilizwa," na watoto wakajua, na wazazi wakajua, huyo hamdanganyi mtu. Naye apime moyoni kama hasara ya watoto haizidi faida inayotafutwa. Lakini anayesaini kitabu cha kazi saa nne na kutoka kwa mlango wa nyuma amedanganya Serikali kidogo na mtoto sana.

8. Yaliyotendeka, na yapasayo

Tulirudi kwa yule mwalimu. Mara hii hatukuanza na wito. Tulimwambia kwanza: "Mwalimu, hesabu yako ni ya kweli. Tulihesabu vibaya, utusamehe." Akanyamaza kidogo. Kisha tukamwambia jambo la pili: "Lakini saa za siku ya pili na ya tano hukuzichukua kwetu wala kwa Serikali. Umezichukua kwa watoto 62." Akajibu: "Najua. Kila nikipita na mzigo, nawasikia wakipiga kelele darasani, nami naongeza mwendo nisisikie."

Tulipeleka maneno yote mawili mbele ya komite. Kulikuwa na kelele. Mzee mmoja alisema: "Mkimtetea mwalimu, kesho kila mtu atataka kutetewa." Mama mmoja, muuza samaki, akamjibu: "Mzee, mimi nikiuza samaki kwa deni, ninajua nani amenilipa na nani bado. Huyu tumemla miaka sita bila kulipa, nasi twamwita mwizi?" Mwishoni wakapatana mambo matatu. Wazazi watalima shamba la mwalimu siku mbili za salongo wakati wa mvua za kwanza. Wazazi, si watoto, na si kama sadaka, bali kama sehemu ya deni. Mke wa mwalimu atapata mahali sokoni bila kutoa ushuru wa kijiji, ili yeye auze mafuta, na mume abaki darasani. Na direkta ataandika barua juu ya walimu wote wasiolipwa, komite itie sahihi, na padri aipeleke mjini mwenyewe.

Je, matata yamekwisha? Hapana, ndugu. Barua ilipelekwa, jibu twalingoja. Shamba lililimwa siku moja, ile ya pili mvua ilizuia, na wengine walifurahi kwamba ilizuia. Lakini mwalimu yuko darasani siku ya pili na ya tano, mpaka kengele ya mwisho. Tulipita tukamwona.

Basi, msomaji, wewe uliye mzazi: mtoto wako akirudi na kaye iliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu, tazama alama zile ndogo. Kila moja ni dakika ya mtu aliyekuwa macho wewe ulipolala. Hakuna aliyeiandika, hakuna aliyeilipa. Wewe uliye na kazi katika ofisi ya masomo, unayeshika orodha ya majina: ujue kwamba kalamu yako yaweza kumlisha mtu au kumlaza njaa. Wewe uliye mwalimu: dai haki yako kwa sauti, mchana, pamoja na wenzako, lakini usimdai mtoto. Na sisi makatekista tuchunge ulimi wetu. Neno la wito ni takatifu; tulitumie kumwinua mtu, tusilitumie kumnyamazisha.

Dawa ya deni ni kulipa. Kama hatuwezi kulilipa lote leo, tusikatae kwamba liko. Huo ndio mwanzo wa haki.